Breki ya ubongo na dawa za kifafa

Gabapentini ni dawa iliyopewa jina kabla tabia yake haijajulikana. Walioiunda walitaka molekuli inayofanana na GABA, kemikali kuu ya kutuliza seli za neva, ila yenye uwezo wa kupenya hadi ubongoni, maana GABA yenyewe ukiimeza ni kidogo mno kinachovuka ukuta uliopo kati ya damu na ubongo. Molekuli ikapatikana, ikapewa jina, ikawasaidia wagonjwa. Baadaye ikaonekana kwamba haishiki vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli ambazo GABA hujishikiza. Inashika kipande cha chaneli za kalsiamu (vijia vya kuipitishia kalsiamu kwenye utando wa seli) kiitwacho alfa-2-delta, na kwa njia hiyo hupunguza kemikali za uchochezi zinazomwagwa na neva. Jina limebaki lilivyo, na bado wapo wanaoieleza kuwa ni dawa ya kufanya kazi ya GABA.

Kisa hiki kinaonyesha jinsi fikra moja ilivyokita mizizi: kifafa ni gari lililokatika breki, basi mgonjwa aongezewe breki. Fikra hiyo imeokoa watu wengi. Imewapotosha wengi pia, na kila upande una hoja ambazo upande wa pili hauwezi kuzipuuza.

Kwanza, hiyo breki inavyofanya kazi. Katika gamba la ubongo, takriban niuroni (seli ya neva) moja kati ya tano ina kazi ya kuzinyamazisha nyingine, na chombo chake ni GABA. GABA ikitua kwenye kipokezi chake cha aina ya A, ambacho chenyewe ni mlango, mlango unafunguka na ioni za kloridi zinaingia ndani ya seli. Kloridi ina chaji hasi, kwa hiyo seli inazidi kuwa hasi na inakuwa ngumu kuwashwa. Dawa za jamii ya benzodiazepini, kama diazepamu na midazolamu, haziufungui mlango huo zenyewe, bali huifanya GABA iliyopo iufungue mara nyingi zaidi. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ya zamani, ni habari nyingine. Hiyo huufanya mlango ukae wazi kwa muda mrefu kila unapofunguka, na kipimo kikiwa kikubwa huufungua hata bila GABA. Tofauti hii inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini wodini ni kubwa. Benzodiazepini inayotumika peke yake ina kikomo, kwa sababu inategemea GABA iliyokuwepo. Fenobabitoni haina kikomo hicho, na ikizidi inaweza kuzima pumzi.

Ushahidi mzito wa watetezi wa breki uko kwenye dharura. Mgonjwa akishikwa na degedege isiyokoma, dawa ya kwanza karibu kila mahali ni benzodiazepini, na inafanya kazi. Katika jaribio la RAMPART, lililochapishwa mwaka 2012, wahudumu wa magari ya wagonjwa walitumia sindano ya midazolamu ya kwenye msuli au lorazepamu ya kwenye mshipa. Waliofika hospitali degedege ikiwa imekoma bila kuhitaji dawa nyingine walikuwa asilimia 73 kwa midazolamu na asilimia 63 kwa lorazepamu. Sindano ya msuli haikushinda kwa sababu dawa yake ni kali zaidi. Ilishinda kwa kuwa hakuna haja ya kutafuta mshipa kwa mtu anayetikisika, na hivyo dawa ilitangulia kuingia mwilini.

Na hapa muda ni kila kitu. Degedege ikiendelea, seli za ubongo huvimeza vipokezi vyake vya GABA, vikatoka juu ya utando na kuzama ndani, ambako dawa haivifikii. Wakati huohuo vipokezi vya uchochezi aina ya NMDA huongezeka juu ya utando. Diazepamu iliyoweza kuzima moto dakika ya tano inaweza kushindwa kabisa baada ya nusu saa, na hii ni sababu mojawapo ya madaktari kuhesabu dakika 5 tu kabla ya kuanza matibabu ya degedege ya jumla. Mtetezi wa breki atasema: mnaona, hata kushindwa kwa dawa kunathibitisha kwamba kila kitu kinategemea GABA. Hapo sina la kumpinga.

Ana hoja ya pili, ambayo naiona nzuri kuliko zote: ugonjwa wa Dravet, uliopewa jina la daktari Mfaransa Charlotte Dravet, aliyeueleza mwaka 1978. Watoto wengi wenye ugonjwa huu wana kasoro kwenye jeni la SCN1A, linalotengeneza chaneli ya sodiamu ambayo niuroni za kunyamazisha huitegemea sana. Ukiwapa kabamazepini au lamotrijini, dawa zinazobana chaneli za sodiamu na zinazowafaa wagonjwa wengine wengi, kifafa chao huweza kuwa kibaya zaidi. Dawa iliyokusudiwa kuzizima seli zenye ghasia inakuwa imezidhoofisha zile seli chache zilizokuwa zikituliza. Wapatie dawa zinazoimarisha GABA, kama klobazamu na stiripentoli, na wengi wao hupata nafuu.

Sasa upande wa pili. Kama kuongeza breki ndiyo tiba, basi dawa inayojaza ubongo GABA ingekuwa mfalme wa dawa zote. Dawa hiyo ipo. Vigabatrini hukiharibu moja kwa moja kimeng'enya kinachovunja GABA, hadi mwili utengeneze kingine, na kiwango cha GABA ubongoni hupanda sana. Ni kweli ina mahali pake, hasa kwa watoto wachanga wenye mikakamao inayotokana na ugonjwa wa vivimbe uitwao tuberasi sklerosisi. Lakini retina ya jicho haikustahimili. Takriban thuluthi moja ya watumiaji hupungukiwa na uwezo wa kuona pembeni, na kilichopotea hakirudi.

Kuna jambo linaloisumbua nadharia yenyewe zaidi ya hayo macho. Kuna kifafa cha utotoni ambacho mtoto haanguki wala hatikisiki. Anaduwaa kwa sekunde chache, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya, na mwalimu hudhani ni utoro wa mawazo. Vigabatrini, na tiagabini ambayo huzuia GABA isirudishwe ndani ya seli, zinaweza kukichochea kifafa hicho badala ya kukizima. Sababu iko kwenye thalamasi, kituo kinachozungumza na gamba la ubongo kwa mapigo. Seli za thalamasi zikitulizwa kupita kiasi, chaneli fulani za kalsiamu zilizokuwa zimefungika hurudi katika hali ya kuwa tayari, na breki inapolegea kidogo seli hizo hulipuka kwa pamoja. Zikishalipuka hutulizwa tena, kisha hulipuka tena, karibu mara tatu kwa sekunde. Hapo breki ni sehemu ya mtambo unaoendesha kifafa chenyewe. Dawa inayomfaa mtoto huyo ni ethosuksimidi, ambayo hubana chaneli hizo za kalsiamu.

Mtu anaweza kusema hiyo ni aina moja tu ya kifafa, ichukuliwe kama ubaguzi wa kanuni. Mimi siichukulii hivyo. Inaonyesha kuwa utulivu wa seli moja na utulivu wa mtandao mzima ni vitu viwili: niuroni zote zikinyamaza kwa wakati mmoja, zimepata nafasi ya kuanza pamoja.

Gharama ya kila siku nayo isisahaulike. Breki ikikazwa kwenye ubongo mzima, inakazwa pia pale mtoto anapojifunza. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia watoto waliopewa fenobabitoni ili kuzuia degedege za homa: baada ya miaka 2, alama zao za akili zilikuwa pungufu kwa wastani wa 8.4 zikilinganishwa na za watoto waliopewa dawa bandia, na faida ya kuzuia degedege haikuonekana. Benzodiazepini nazo, zikitumiwa kwa miezi, nyingi huzoeleka mwilini na nguvu yake hupungua, na anayeziacha ghafla anaweza kupata degedege kali kuliko za mwanzo.

Kwa hiyo kwangu nadharia ya breki ni kweli kwa dakika kumi za dharura, na ni ramani mbovu kwa miaka kumi ya matibabu. Fenitoini na kabamazepini zimewatuliza watu wengi bila kuigusa GABA moja kwa moja.

Hata hivyo kuna eneo moja ambalo wapinzani wa breki walijiamini kupita kiasi: watoto wachanga. Hoja yao ilikuwa nzuri sana. Katika ubongo ambao haujakomaa, pampu iitwayo NKCC1 huingiza kloridi ndani ya seli, na ile ya kuitoa, KCC2, bado ni chache. Mlango wa GABA ukifunguka, kloridi hutoka badala ya kuingia, na GABA inaweza kuchochea badala ya kutuliza. Ikafuata kwamba fenobabitoni kwa mtoto mchanga ni kumwaga mafuta motoni, na kwamba bumetanidi, dawa ya kuongeza mkojo inayozuia NKCC1, ingerekebisha mambo. Jaribio la Ulaya la bumetanidi lilisimamishwa mapema. Baadhi ya watoto walipoteza usikivu, na manufaa hayakuonekana. Jingine la Boston, lililochapishwa mwaka 2021, liliona degedege zikipungua kiasi dawa hiyo ilipoongezwa juu ya fenobabitoni, hivyo hoja ya kloridi haijafa. Lakini mwaka 2020 fenobabitoni ilipambanishwa na levetirasetamu, dawa mpya isiyoitegemea GABA, kwa watoto wachanga wenye degedege. Waliokaa saa 24 bila degedege walikuwa asilimia 28 kwa levetirasetamu na asilimia 80 kwa fenobabitoni, ile ile ambayo daktari Mjerumani Alfred Hauptmann aliitangaza mwaka 1912 baada ya kuwapa wagonjwa wake wa kifafa kama dawa ya usingizi.