Jina la bibi yangu halijanikosea kitu

Maji kwetu Umoja inakuja ikijisikia, tokeni ya stima inaisha ugali ikiwa bado ni uji, mwenye nyumba ameongeza kodi na hata rangi hajapaka, halafu kuna watu wanataka nikasirikie jina ya bibi yangu, mke wangu wa ndoa. Ati mbona haitwi Njoroge kama mimi. Mbona kwa kipande, yaani kitambulisho, bado ako na jina ya babake. Kinyozi ameniuliza, wazee wa kanisa wameniuliza, lakini mwenye haachi ni anko wangu wa Murang'a, kila akipiga simu lazima hiyo maneno itoke, "Kijana, kwani ulilipa mahari ya nini?" Na ni huyo huyo tulienda naye Alego, Ujaluoni kwao bibi, kupeleka hiyo mahari, akakula samaki hadi akalegeza mshipi, na sikumsikia akiuliza jina inauzwa pesa ngapi.

Hebu kwanza tuelewane, huyu Njoroge ni nani? Njoroge si jina ya ukoo. Njoroge ni babangu. Yeye ni Njoroge wa Kariuki, mimi nikaitwa Kariuki kwa sababu ya guka, yaani babu, kijana wangu wa kwanza akaitwa Njoroge kwa sababu ya babangu, na tumezunguka hivyo tangu Murang'a iwe Murang'a. Kwa hivyo mkinishika shati mkisema nimpe bibi jina, mnataka aitwe jina ya baba mkwe wake, mzee mwenye yeye humsalimia akiangalia chini. Siku mzee akitutembelea nikiita "Njoroge!" hapo sebuleni watageuka watu watatu, na nilikuwa nataka tu mmoja anipe rimoti.

Na ukoo wenyewe? Sisi ni Ambui, yaani watu wa Wambui, binti ya Mumbi, mama wa Wakikuyu wote. Koo zetu zote zimeitwa kwa wale wasichana wa Mumbi, kenda mũiyũru, yaani tisa kamili, hakuna hata moja imeitwa kwa mwanaume. Anko ako ndani ya jina ya mwanamke kuanzia kisogo hadi kisigino na bado anapigia jina ya bwana debe.

Upande wa wakwe zangu nako mathe ameolewa hapo Alego tangu nikiwa bado sijazaliwa, lakini ukifika kwa boma yake watu wanamwita nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya, kule alizaliwa, na sijasikia mtu akisema bwana yake ni mnyonge. Nenda Eastleigh. Mama Msomali wa duka ako na jina lake, la babake, la babu yake, bwana hayuko hapo hata kidogo, na huyo bwana ndiye anaendesha Prado. Hata Pwani ni vile vile, binti fulani anabaki binti fulani. Hii kitu ya Misesi fulani, bibi kubeba jina ya bwana, tuliletewa na Mwingereza, na kwao sheria ya zamani ilisema mwanamke akiolewa yeye na bwana wanakuwa mtu mmoja, na huyo mtu mmoja ni bwana. Kipande nacho, miaka ya 1920 huko, walivishwa wanaume peke yao, kwa kijibati shingoni. Hiyo mbona hakuna mtu anaita mila?

Kinyozi ananiambia Wajapani sheria yao inataka bwana na bibi wawe na jina moja, na korti yao kubwa ikasema hiyo ni sawa 2015 na tena 2021. Sawa. Lakini Mjapani akienda ofisi sistimu haiko chini.

Dadangu ndiye alinionyesha vile hii kitu inakula pesa. Aliolewa, akaweka jina ya bwana kwa kipande na kwa benki, wakakosana, wakaachana, akarudisha kipande na benki ikamtoka akilini. Cheti cha KCSE, ile ya kumaliza sekondari, hakijali kama uliolewa ama uliachwa, kinabaki na jina ulifanyia mtihani hadi kifo. Kwa karatasi ya ushuru iko jina nyingine tena, ile ya bwana lakini imekosa herufi mbili, kijana wa saiba alikuwa na haraka. Sasa amepata kazi na wanataka karatasi zote zisikizane, nikamsindikiza ofisi moja hapa Nairobi ambayo sitaitaja. Tumesimama kwa laini tangu asubuhi, mandazi ya mama wa pale mlangoni ikauzwa ikaisha, tukifika dirishani dada wa kaunta akazipanga zile karatasi mezani moja moja kama karata, akaziangalia, akamwangalia dadangu, akaziangalia tena.

"Hawa ni watu watatu," akasema. "Mwenye amekuja leo ni gani?"

Mimi nikacheka. Dadangu hakucheka.

"Leteni kiapo."

Kiapo ni kupanda ngazi za jengo fulani tao hadi orofa ya nne kwa sababu lifti ilikufa, unapata loya ndani ya chumba ukubwa wa choo, kidau cha wino hapa, mihuri hapa, anaandika ya kwamba wewe na wewe ni mtu mmoja, anagonga muhuri bila hata kuangalia uso, halafu anataja bei akikuangalia vizuri sana. Nililipa mimi, mwenye jina yangu haijawahi kuwa na shida. Tukarudi kule dirishani mbio. Sistimu iko chini.

Kwa hivyo mkiniambia bibi yangu abadilishe, mimi sioni heshima, naona laini. Naona fotokopi. Naona kipande kipya, benki, SHA ya matibabu, pasipoti kama anayo, na nani atalipa nauli ya hizo safari zote mvua ikinyesha na matatu imepanda?

Mwenye aliweza hii mambo ni Wangari Maathai peke yake. Aliolewa na Mwangi Mathai, ndoa ikavunjika 1979, jamaa akataka arudishe jina yake. Mama akaongeza "a" moja. Hiyo tu! Hakuna mtu angemwambia hilo si lake, na 2004 Nobeli ikaandikwa na "a" mbili, ile ya bwana ikabaki nyumbani. Baadaye serikali ikachukua Forest Road ikaipa jina yake, na mimi nikiwa steji bado naskia makanga akiita "Forest Road, Forest Road," kumaanisha hii Nairobi hata ukiandika kwa bango la chuma watu wataita vile walizoea.

Na msinidanganye jina inafunga ndoa. Wambui Otieno alibeba jina ya bwana yake, loya S.M. Otieno, miaka mingi, bwana akafariki Desemba 1986, mjane na Umira Kager, ukoo wa bwana, wakapelekana korti juu ya mazishi, na mwaka uliofuata bwana akazikwa Nyalgunga vile ukoo ulitaka, si vile mjane alitaka. Jina alikuwa nayo, haikumsaidia hata kidogo. Alafu 2003 mama akaolewa tena na kijana wa miaka chini ya 30. Hapo ndipo anko hunyamaza, anasema mtandao unasumbua.

Sheria nayo haijamlazimisha mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema bwana na bibi wako na haki sawa wakiingia kwa ndoa, wakiwa ndani, na wakitoka. Nilimsomea anko yote kwa simu, airtaimu yangu. Akaniambia Katiba haikunilea.

Na ile kitu hakuna mtu anaona ni kwamba mwenye amepoteza jina kwa hii nyumba ni mimi. Kariuki aliisha siku kijana alizaliwa. Mama mboga ananiita Baba Njoro. Mwalimu, Baba Njoro. Keateka wa ploti hata hiyo hajui, ameniandika C7, namba ya mlango, kwa daftari, na nikichelewa kodi anapiga kelele kwa koridoo, "C7! C7!" hadi majirani wanajua. Bibi naye ni Mama Njoro kutoka hapa hadi Mutindwa, anaitwa jina ya babangu siku nzima bila kulipa loya, sasa anko anataka nini tena? Lakini nikisema hivyo naambiwa nimekaliwa chapati, yaani bibi ndiye ananitawala.

Juzi tu amenipigia. Akaanza na jina, tukagombana kidogo, halafu akaingia kwa ile maneno alikuwa amepigia, ng'ombe ni mgonjwa, nitume kitu kidogo ya daktari. Nikatuma. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia na nikasoma jina ya mwenye amepokea, na haikuwa ya anko. Laini imesajiliwa na bibi yake, na hapo nyuma ya jina lake la ubatizo iko jina ya babake, yule mzee wa Kandara, imekaa vizuri hakuna anko popote.

Nikampigia nimuulize hii ni nini. Akaniambia pesa imefika, lakini sikuweka ya kutoa.