Kunywa Chai Si Kuuzwa

Mwenyekiti wetu wa LC1, baraza la kijiji hapa Uganda, ni mtu wa manjano, rangi ya chama tawala cha NRM, kuanzia kofia hadi mwavuli. Kansela wetu, yaani diwani, ni wa nyekundu, rangi ya upinzani. Juzi, hapa Busia, mpakani na Kenya, wawili hao wameonekana kibanda kimoja wakinywa chai kwa chapati, wakizungumzia kisima cha pampu kilichokufa tangu Pasaka. Kisima, jamani, si ikulu! Kabla chai haijapoa, stendi ya bodaboda ilikuwa imeshakata kesi: kansela amekula bahasha.

Kijana mmoja pale, ambaye namheshimu kwa sababu hunibeba kwa mkopo, akaniambia, "Mzee, adui hukai naye meza moja." Nikamuuliza mama yake anachota wapi maji siku hizi. Akawasha pikipiki.

Najua mtanijibu nini. Milioni 29. Mwaka 2017 wabunge waligawiwa shilingi milioni 29 kila mmoja waende kuwauliza watu wao juu ya muswada wa kuondoa kikomo cha umri wa rais, na Desemba 317 wakapiga kura ya ndiyo. Haya, bahasha zipo. Na ya Nairobi nayajua: Desemba 1985 Okello, mtawala wa wakati ule, na Museveni, kiongozi wa waasi wa NRA, walitia saini amani mbele ya Rais Moi wa Kenya, na Januari haikuisha kabla NRA haijaichukua Kampala. Aliyeyaona hayo akisikia "mazungumzo" ana haki ya kushika mfuko wake. Na mwenye dola ndiye wa kusogea kwanza, hilo sibishi.

Ila Septemba ile ya 2017 viti viliruka Bungeni, watu wa usalama wakaingia wakawabeba wabunge mzobemzobe, sisi huku tukashangilia kama mechi. Muswada ukapita vilevile.

Kinachoniuma hasa ni ebimeeza, ile midahalo ya wazi ya redio. Mliokuwa Kampala miaka ile mnaikumbuka Club Obbligato, Radio One ikirusha hewani, mtu unapewa dakika zako, ukimaliza unakaa na kumsikiliza anayekuchambua kama karanga. Mara yangu ya pili pale nilimwita mzee mmoja wa Movement, yaani wa chama tawala, kibaraka, kwenye maikrofoni. Zamu yake ilipofika akasema: "Kijana ana hasira. Kuhusu barabara ana haki, kuhusu mengine yote amepotea." Watu wakacheka, nami nikajikuta nacheka. Jioni tukapanda teksi moja, nikapungukiwa nauli, akaniongezea. Hatukukubaliana hata njiani, tulibishana hadi Nakawa. Lakini tangu siku hiyo neno kibaraka likinijia mdomoni namwona yule mzee akihesabu sarafu zake.

Septemba 2009, baada ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kuzuiwa kwenda Kayunga na Kampala kuwaka moto, serikali ikapiga marufuku ebimeeza. Eti zinachochea. Hongereni sana! Kelele hazikunyamaza, zilihamia kwenye simu, na huko hakuna anayekuongezea nauli. Kijana wa stendi yangu hajawahi kumsikia mpinzani wake akimaliza sentensi. Atajuaje kwamba mtu anaweza kukupinga na bado asiwe amenunuliwa?

Cha ajabu ni kwamba sisi wa mpakani tunaishi kwa mapatano. Kiswahili hiki, ambacho Waganda wengi walikijua kwanza kinywani mwa askari kwenye kizuizi, sisi tunapatania bei ya samaki asubuhi hadi jioni. Muuzaji anashuka mia tano, mnunuzi anapanda mia tano, na sijasikia yeyote kati yao akiitwa msaliti. Siasa tu ndiyo tumeiamulia kwamba bei ni moja, na anayeishusha auawe jina.

Kikao cha pili cha kisima kilikuwa jana. Kansela aliogopa stendi, hakutokea. Mwenyekiti amekunywa chai peke yake, akalipa, akaenda zake.