Kabla ya ahadi za Januari, tumalizane

Tarehe 31 Desemba, saa saba mchana kwa saa zetu, watu wa Dar es Salaam bado wanagombania siti stendi ya Mbezi na bei ya kuku imeshapanda. Dakika hiyohiyo kisiwa cha Kiritimati, huko Kiribati katikati ya Bahari ya Pasifiki, kinavuka mwaka. Sisi tutawafuata saa kumi na moja baadaye. Muscat wanatutangulia kwa saa moja, kwa hiyo wenye ndugu Oman huanza kupokea salamu za heri saa tano usiku, fataki za kwetu hazijalia. Halafu sisi nasi tunawatangulia wengine. Ngara wakishavuka, jirani zao wa ng'ambo ya daraja la Rusumo, upande wa Rwanda, wanangoja saa nzima. Burundi vilevile. Kongo ndiyo inanivutia kuliko zote: Goma na Lubumbashi wanavuka pamoja na Kigali, Kinshasa wanafuata saa moja baadaye. Nchi moja, mikesha miwili.

Mambo madogo kama haya nayapenda, na kila Desemba ikiisha huwa nayatafakari, kwa sababu yanaonyesha kwamba mwaka mpya ni makubaliano ya watu. Angani hakuna kinachogeuka saa sita usiku ile. Kama tungetaka kufuata anga, kati ya tarehe 2 na 5 Januari dunia hupita mahali ilipo karibu zaidi na jua kwa mwaka mzima, kama kilomita milioni 147, na siku hiyo hakuna anayepiga fataki. (Wala joto letu la Januari halitokani na hilo. Hiki ni kipindi cha kaskazi, na jua limeelemea upande wa kusini wa dunia, ambako ndiko tuliko.)

Makubaliano yenyewe yamehamahama sana. Makonsuli, viongozi wakuu wa Roma, walianza kushika madaraka tarehe 1 Januari mwaka 153 kabla ya Kristo, na desturi ikashikia hapo. Julius Caesar alipotaka kuirudisha kalenda kwenye mstari, mwaka 46 kabla ya Kristo ulirefushwa ukafika siku 445. Miaka zaidi ya 1600 baadaye Papa Gregori wa 13 aliona tarehe zimeachana tena na jua, akaagiza kwamba baada ya tarehe 4 Oktoba 1582 ifuate tarehe 15. Waingereza hawakulitaka agizo la Papa hadi mwaka 1752. Mwaka wao wa kisheria ulikuwa ukianza tarehe 25 Machi, na walipouhamishia Januari, mwaka 1751 ukaishia njiani, miezi tisa na siku chache tu. Hadi leo mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili, na hayo ni mabaki ya hesabu zilezile. Samoa nao waliamua mwaka 2011 kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe, ule wa Pasifiki unaotenganisha leo na kesho, wakalala Alhamisi tarehe 29 Desemba na kuamka Jumamosi tarehe 31.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunaishi na miaka kadhaa kwa pamoja. Mwanafunzi wa darasa la kwanza Tanzania anaanza Januari. Serikali inaanza Julai, ndiyo maana bajeti husomwa Juni, Dodoma na Nairobi. Mwaka wa Hijria unaanza Muharram, nao husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka ukilinganisha na huu wa ukutani, na huingia jua linapozama maana usiku ndio unaotangulia mchana. Ethiopia wana miezi 13, mwaka wao unaingia tarehe 11 au 12 Septemba, na mwaka wao wa 2000 waliusherehekea Septemba 2007 wakati sisi tulikuwa tumeshaisahau ile ya kwetu. Isitoshe wanahesabu saa kama sisi, asubuhi ikianza na saa moja.

Lakini mwaka ninaotaka kuuzungumzia hasa ni ule wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Naamini umebeba kitu ambacho Januari yetu haina.

Watu wa mwambao walikuwa na mwaka wa jua, na siku yake ya kwanza ni Nairuzi, jina lililotoka Uajemi pamoja na majahazi. Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa miongo, kumi kumi, miongo 36, kisha siku tano za kukamilishia. Baharia na mkulima walijua wako mwongo wa ngapi, na kwa hesabu hiyo walijua lini pa kusafiri na lini pa kupanda. Mwaka huo una siku 365 kamili, hauongezwi siku kila baada ya miaka minne, kwa hiyo unarudi nyuma polepole dhidi ya kalenda ya kawaida. Siku hizi Siku ya Mwaka ya Makunduchi huangukia Julai, na sherehe yake ndiyo Mwaka Kogwa.

Inakuwa hivi. Wanaume wa pande mbili za mji wanakutana uwanjani na mabua ya migomba, wanachapana. Wanachapana kwelikweli, vumbi linatimka, bua likikatika mtu anaokota jingine. Kinachokusudiwa ni kila aliyekuwa na kinyongo cha mwaka uliopita akitoe pale, mbele za watu, kisha aondoke nacho kimekwisha. Wanawake wamejipamba, wanapita wakiimba, na nyimbo zao hazimwachi mtu: mapenzi, ndoa, mambo ya mtaani. Halafu kinajengwa kibanda cha makuti, watu wanaingia ndani, kinatiwa moto, wanachomoka mbio. Kuna kuoga baharini, ndiko jina la sherehe lilikotoka. Mwisho ni kula, na hapo kuna imani moja inayonigusa kuliko hata moto ule: nyumba isiyopata mgeni siku hiyo, hiyo si dalili njema. Kwa hiyo mgeni anasakwa. Mtu usiyemjua anakushika mkono njiani anakuambia karibu kwetu, na anamaanisha.

Mpangilio wake ndio unaonivutia. Kwanza mnamaliza ya mwaka jana. Ndipo mnaoga. Ndipo mnakula, na hamli peke yenu. Hakuna anayesimama uwanjani kutangaza kwamba mwaka huu atanunua gari.

Sasa tutazame Januari yetu. Saa sita usiku sufuria zinagongwa, matairi yanachomwa mitaani ingawa kila mwaka tunaambiwa tusichome, walioko kwenye mkesha kanisani wanapiga vigelegele. Asubuhi watoto wanazunguka na nguo zao za sikukuu wakiomba chochote. Mimi nayapenda yote hayo, ukitoa matairi. Kisha zinakuja ahadi. Mwaka huu lazima nijenge. Mwaka huu napunguza mwili. Mwaka huu nafungua biashara. Kila mtu na lake, kila mtu anajihusu yeye mwenyewe. Watu tunaodaiana nao na tulionuniana nao hawamo kabisa kwenye orodha.

Na Januari yenyewe ndio mwezi mbaya kuliko yote kwa ahadi za aina hiyo. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema kabla ya Krismasi, na unaofuata ni mwisho wa Januari. Katikati hapo kuna nauli ya kurudi mjini kwa walioenda Moshi, Bukoba na Songea, kuna kodi ya nyumba, na kuna shule. Mzazi mwenye mtoto wa bweni anajua karatasi ninayoisema: tranka, godoro, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, kaunta buku za kurasa nyingi. Nenda Kariakoo wiki ya kwanza ya mwaka uone akina mama wamesimama na karatasi hiyo mkononi, wanaweka tiki kwa kalamu ya kuazima, wakifika kwenye tranka wanakaa kimya kidogo, kisha wanauliza kama kuna ndogo zaidi. Kenya wanaiita Njaanuari. Mtu aliye katika hali hiyo unamwambia aanze kuweka akiba mwezi huuhuu? Ahadi nyingi zinavunjika kabla mwezi haujafika katikati, na watu wanajilaumu eti hawana msimamo, wakati walianzishwa mbio wakiwa tayari wamekabwa.

Ndiyo maana naona afadhali Januari ianze na kumalizana.

Mama yangu alikuwa na desturi hiyo bila kuipa jina. Siku zile baada ya Krismasi alikuwa anapekua jiko zima kutafuta vitu vya watu. Kwenye mitaa yetu vyombo vinazunguka sana. Pakiwa na shughuli, masufuria, masinia na mbuzi ya nazi vinahama nyumba, kwa hiyo kila mwenye chombo anakitia alama, wengi kwa rangi ya kucha: herufi nyekundu chini ya sufuria, nukta mbili kwenye mkono wa upawa. Mama alikuwa anavipindua kimoja kimoja, anasoma alama, anavipanga kwa nyumba, halafu anatutuma sisi watoto. Na hatukupeleka sufuria tupu. Lilikuwa na mchele kidogo, au maandazi, au ndimu kama hakuna kingine. Tukifika tunaamkia kwanza, shikamoo bibi, mama amesema asante na samahani kwa kuchelewa. Kuna nyumba moja alikuwa anakwenda mwenyewe, kwa sababu huko kulikuwa na maneno ya kuzungumza. Alikuwa anakaa muda mrefu, na wiki ile mama wa nyumba hiyo tungemwona kibarazani kwetu anapepeta mchele.

Daftari la madeni la Mangi, mwenye duka la mtaani, nalo linaingia hapa. Wengi tunalikwepa Januari, tunazunguka mtaa wa nyuma tusionekane. Naona ni vibaya, maana yule mtu alitukopesha unga na sabuni wakati ambapo benki isingetusikiliza. Kama huna ya kulipa, pita mbele, mpe hata elfu mbili, mwambie lini utamaliza. Daftari lile lina karatasi iliyolainika kwa kushikwa, jina lako limeandikwa juu kwa kalamu ya bluu na chini yake mistari. Mwache akate mstari mmoja mbele yako.

Vilevile kuna ile simu. Kila mtu ana namba moja aliyoacha kuipiga kwa ajili ya jambo dogo: mchango wa harusi ambao haukufika, neno lililosemwa msibani, shamba la urithi. Siku ya kwanza ya mwaka ni rahisi kuliko siku zote kuipiga namba hiyo, kwa sababu una cha kusemea. Heri ya mwaka mpya, shangazi. Hakuna atakayeuliza kwa nini umepiga leo. Salamu ya siku hiyo inakufungulia mlango ambao Machi utahitaji sababu ya kuugonga, na Agosti utakuwa mzito zaidi.

Kwa atakayepitwa na Januari, kuna Julai. Uliza tarehe mapema, kwa kuwa wenyewe ndio wanaoitangaza. Ukiwa Unguja mjini, panda gari la Makunduchi asubuhi, na usile ukashiba kabla ya kuondoka.