Mwenye duka yuko wapi?

Sokoni Malaba, upande wetu wa Uganda, mteja alisimama mbele ya duka la nafaka akamwuliza mama aliyekuwa akipima maharage: "Mwenye duka yuko wapi?" Mama hakuinua macho. Alimimina maharage mfukoni, akafunga fundo, akajibu: "Ndiye anayekupimia."

Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Mwenye duka anaweza kuwa yeyote, lakini yule mteja alishamtafuta mwanamume. Kwa hiyo wanaosema kwamba lugha haina kosa, kosa limo vichwani mwetu, wana hoja nzito.

Tukifika kwenye ndoa, hoja hiyo inapwaya. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kiganda nacho hutofautisha: okuwasa kwa mume, okufumbirwa kwa mke, na hilo la pili linasikika jirani kabisa na okufumba, yaani kupika. Halafu kuna mahari. Siku ya furaha wazee husema "tunatoa mahari", ni shukrani kwa wazazi wa binti. Ugomvi ukiingia, kitenzi kinageuka: "Mimi nilikulipia!" Hapo ndipo ninapoona neno likiumiza mtu, kwa sababu shukrani hairudishwi, ila kilicholipiwa hudaiwa.

Na kweli kilidaiwa. Shirika la Mifumi la Tororo, linalotetea haki za wanawake, lilipeleka suala la mahari mahakamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ililikatalia. Agosti 2015 Mahakama ya Juu haikuharamisha mahari yenyewe, ila iliamua kwamba kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mtu anaweza kusema: mnaona, sheria ndiyo iliyosaidia, si msamiati. Nakubali kwa sehemu. Mwanamke anayepigwa, akashindwa kurudi kwao kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishatumika kumwozea kaka yake, alihitaji hukumu ile kuliko neno lolote jipya. Lakini mume asiyeweza tena kudai ng'ombe bado anaweza kusema "nilikulipia" kila jioni, na watoto wanasikia.

Wanawake wenyewe hawana jibu moja. Wapo wanaojivunia mahari yao, na ukiwaambia wamenunuliwa umewatukana, tusiwasemee. Wapo wanaosema "tumeoana", neno ambalo Kiswahili kimekuwa nalo siku zote na halihitaji kamati wala kamusi mpya. Mimi niko na hawa. Nikiulizwa niliolewa mwaka gani, hujibu tulioana mwaka fulani. Shangazi zangu wengine hunitazama kwa mashaka, ila mmoja, aliyeolewa akiwa bado msichana mdogo, ameanza kulisema pia.

Yule mteja wa Malaba alilipa, akainua mfuko. "Asante, mama." Mama akamhesabia chenji mkononi: "Karibu tena dukani kwangu."