Ukingoja Juni Umechelewa

Bunge la bajeti la Tanzania likianza Aprili huwa nalifuatilia kwenye simu nikiwa huku Austin, Texas, na kuna jambo linanikera. Baada ya maswali na majibu wageni hutambulishwa. Siku nyingine ni kikundi cha watu wenye ulemavu: wanaosimama wanasimama, wasioweza wanapunga mkono, wabunge wanagonga meza. Imeisha hiyo. Hakuna aliyewauliza wamefuata nini Dodoma.

Najua kamati za Bunge nazo huita wadau kwenye miswada, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wana sauti yao. Lakini mdau ni taasisi. Mimi namzungumzia mtu mmoja na shida yake.

Huku nahudumia watu majumbani. Mzee ninayemhudumia anatumia kiti mwendo cha umeme, na Bunge la jimbo likikaa (kikao chake cha kawaida ni miaka ya witiri tu, siku zisizozidi 140 kuanzia Januari) hatupumui. Kamati ikisikiliza mswada, mwananchi yeyote anajiandikisha: naunga mkono, napinga, au natoa maelezo tu. Unaitwa kwa jina, unapewa dakika mbili tatu, ushahidi wako unaingia kwenye kumbukumbu. Kinachoua ni kusubiri. Unafika asubuhi, unaitwa usiku, na mgonjwa ana saa zake za dawa. Nilimsikia mzee akiwaambia wajumbe, bila kupandisha sauti, kwamba anayemtoa kitandani kila siku analipwa kidogo kuliko kijana anayekaanga chipsi. Anayesemwa ni mimi, nimesimama nyuma yake natazama viatu vyangu.

Mwaka 2023 wakapandisha kima cha chini cha malipo ya wahudumu kama mimi kutoka dola 8.11 hadi 10.60 kwa saa. Kwa nchi yenye utajiri huu ilikuwa bado aibu, kwa hiyo msidhani nawauzia pepo. Hata sheria kubwa ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, ya 1990, haikuja kwa hisani. Watu waliacha viti mwendo chini wakatambaa kwenye ngazi za Bunge la Washington.

Nyumbani sheria ya watu wenye ulemavu tunayo, ya 2010, na inataka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kaka yangu, anayetembelea baiskeli ya miguu mitatu, aliiulizia mtaani kwao akajibiwa, "Kamati si ndiyo nyinyi wenyewe?" Kinachojulikana ni mkopo wa asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkopo mzuri, tena wa haki. Lakini mkalimani wa lugha ya alama zahanati hanunuliwi kwa mkopo wa kikundi. Anawekwa kwenye bajeti, na bajeti ya halmashauri madiwani wanaipitisha mwanzoni mwa mwaka. Wewe ukienda kupunga mkono bungeni Juni, imeshafungwa zamani. Wa kumbana ni diwani, na ni kabla ya Krismasi.

Kaka ananiambia ni rahisi kusema ukiwa Texas. Ofisi ya diwani wake ina ngazi, na akienda hubebwa na vijana wa bodaboda, baiskeli inabaki nje ikichezewa na watoto. Nimemwambia basi hiyo ndiyo hoja ya kwanza: aandike barua kuomba njia ya mteremko, nakala kwa mkurugenzi, na asiondoke masjala kabla nakala yake haijapigwa muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe.