Siku 15 za kupinga notisi ya usalama kazini: ukali huu unamlinda nani?

Nchini Marekani, mkaguzi wa OSHA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama kazini, akikuta kanuni zimekiukwa, mwajiri huletewa notisi yenye makosa, faini na muda wa kurekebisha. Tangu anapoipokea ana siku 15 za kazi za kuipinga kwa maandishi. Zikipita, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 1970 huifanya notisi hiyo kuwa amri ya mwisho, isiyopitiwa na mahakama wala chombo kingine.

Waajiri wanaolalamika wana hoja nzito. Kwa viwango vya mwaka 2025, faini ya kosa zito inaweza kufika dola 16,550, na ya kosa la makusudi au la kurudia dola 165,514. Katika kampuni ndogo, barua yaweza kupokewa na karani asiyejua uzito wake. Wengine huomba kikao na mkurugenzi wa OSHA wa eneo lao wakidhani siku zimeacha kuhesabiwa, kumbe zinaendelea. Hata mahakama zimegongana. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili (mzunguko ni kanda ya kimahakama), New York, iliamua kwamba Tume inayosikiliza mashauri haya haina mamlaka ya kupokea pingamizi lililochelewa. Mwaka 2004 ile ya Mzunguko wa Tatu, Philadelphia, ikasema inayo, iwapo uzembe wenyewe unasameheka.

Lakini kuna jambo ambalo walalamikaji hawalitaji. Pingamizi lililowekwa kwa nia njema husimamisha wajibu wa kurekebisha mpaka shauri liishe. Mashine isiyo na kinga yaweza kubaki hivyo miezi kadhaa, na fundi anaingiza mkono palepale kila siku. Yeye mwenyewe anaruhusiwa kupinga muda wa marekebisho tu, tena ndani ya siku 15 hizohizo.

Kwa sababu hiyo nauunga mkono ukomo mkali, ingawa si kwa kila hali. Migodini, chini ya sheria ya mwaka 1977, mwendeshaji ana siku 30 za kupinga, ila hatari huondolewa kwanza, shauri liwepo lisiwepo. Utaratibu huo ndio wa haki. Mwajiri aliyechelewa lakini keshafunga kinga ya mashine asikilizwe kuhusu faini. Aliyechelewa huku mashine bado iko wazi hana cha kuombea muda zaidi.