Kiingilio Mlangoni, Noti Jukwaani

Wengi wetu tuliolelewa Kisumu tulikua tukiamini kwamba muziki wa roki ni makelele ya Wazungu wenye nywele ndefu, nami sikuwahi kuutilia shaka usemi huo hadi nilipohamia Birmingham, Uingereza, kikazi na mwenzangu wa zamu akanishawishi tukaitazame bendi ya roki ya Iron Maiden. Niliyoyaona ukumbini yamenifanya niufikirie upya muziki wa nyumbani, na hasa namna tunavyowalipa wanaoupiga.

Bendi hiyo, ambayo mpiga besi Steve Harris aliianzisha London mwaka 1975, ina wapiga gitaa watatu, na mara nyingi wawili kati yao hupiga tuni ileile kwa sauti mbili zinazoandamana, moja juu na nyingine chini kidogo, huku besi ikikimbia mbele yao badala ya kujificha nyuma. Mtu aliyezoea benga, muziki wetu wa gitaa wa Waluo, hawezi kuduwaa mbele ya jambo kama hilo. Gitaa letu pia huyapokea maneno kutoka kinywani mwa mwimbaji na kuyarudia kwa nyuzi, kisha maneno yakiisha magitaa yanaachiwa uwanja na wachezaji wanainuka. Ni ufundi ambao wapigaji wa Nyanza waliutoa kwenye nyatiti, zeze la Kiluo lenye nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gitaa. Sauti ilikuwa kubwa, sikatai, lakini watu wazima walikuwa wamevaa vizibo vya masikio bila aibu yoyote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100, na nikizikumbuka spika za baa fulani katika mtaa wa Kondele, Kisumu, zilizoelekezwa moja kwa moja kwenye meza ya kwanza, naona pendekezo hilo lilichelewa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kwa muda wote wa onyesho hakuna aliyewakatiza wanamuziki. Nyumbani, katika usiku wa ohangla, ngoma ya Waluo, au benga, mwenye fedha husimama, muziki ukanyamazishwa, akatoa noti na kujitapa kwa pakruok: anajisifu, anamsifu mkewe, anaisifu shule aliyosoma, anamrushia kijembe jirani wa meza ya pili, na mwimbaji anayapokea majina hayo na kuyatia ndani ya wimbo. Ni sanaa kamili ya usemi, na nimewahi kumsikia mzee mmoja mwembamba akiusifu ukoo wake kwa mafumbo mazito hata tukasahau kwamba kulikuwa na bendi. Lakini ni biashara pia. Anayetoa nyingi ndiye anayetajwa mara nyingi, na msimu wa uchaguzi ukikaribia, anayetoa nyingi huwa ni mwanasiasa. Bendi inazugazuga hadi saa tano ya usiku ikimngojea mkubwa afike, kwa sababu bila yeye nauli ya kurudi nyumbani haipo.

Kule Birmingham kila mtu alikuwa amelipa kabla ya kuingia, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumwamrisha mwanamuziki kuliko mwingine. Bendi iliimba ilichopanga kuimba, ikaanza kwa wakati na kumaliza kwa wakati. Asiniambie mtu kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Birmingham ni mji wa viwanda, na Tony Iommi wa Black Sabbath, bendi iliyoanzishwa hapo mwaka 1968, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine akiwa kijana wa kiwandani, akajitengenezea ncha za plastiki na kuendelea kupiga gitaa. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa vibarua kama yeye, na vibarua hao walilipa kiingilio.

Nakiri kwamba tikiti nayo ina ukali wake. Niliyoinunua ingemlisha mtu wiki nzima katika mtaa wa Manyatta kule Kisumu, na ukuta wa ukumbi ule haupitishi hata mlio mmoja kwa asiye na kitu, ilhali nyumbani anayesimama barabarani husikia wimbo wote bure na kucheza akitaka. Isitoshe, nilirudi kwangu bila mwimbaji kujua kama nilikuwapo. Kwa hiyo siombi pakruok ifutwe. Naomba wenye kumbi za Kisumu watoze kiingilio kidogo mlangoni, hata shilingi 200, bendi ikubaliane nao mapema kuhusu fungu lake, na saa ya kwanza iwe ya muziki mtupu usiokatizwa na noti ya mtu yeyote. Wenye kujitapa waanzie saa ya pili, nao mheshimiwa apange foleni nyuma ya yule mzee mwembamba.